Natembea msituni nisali, narudi na uchovu tu

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Lushoto, Mlutheri, mama wa watoto watatu. Tangu mama yangu mzazi afariki mwaka jana, kusali nikiwa nimepiga magoti chumbani kumenishinda. Nikifumba macho usingizi unanichukua, na usiponichukua naanza kupanga kazi za kesho. Shangazi yangu aliyewahi kufanya kazi kwa masista aliniambia wao hutembea bustanini wakisali, akanishauri nami nijaribu. Huku kwetu miti haikosekani, nikaona ni jambo la kunifaa.

Basi siku nisizokuwa na zamu natoka kabla hakujapambazuka, napanda kilima mpaka ukingo wa msitu, nazunguka upande wa pili na kurudi. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Naweka hedifoni masikioni nasikiliza kwaya, na simu inanihesabia hatua. Nikirudi miguu inauma na jasho linanitoka, lakini nikijiuliza nimesali nini, sioni. Nimebadilisha njia nikidhani tatizo ni njia, hali ni ile ile.

Kuna na mengine. Mzee mmoja wa kanisa amesema mbele za watu kwamba kwenda kusali porini ni kurudia matambiko ya mababu. Mume wangu hasemi kitu, ila naona hapendi. Jirani yangu tunayepatana sana, Mwislamu, ameomba tufuatane, naye amkumbuke Mungu kwa namna yake. Sijui kama inafaa. Tena siku moja ukungu ulinikuta juu nikapotea kwa muda, nikaogopa sana.

Niache? Au kuna namna ya kufanya ambayo siijui?

Mwalimu, Lushoto

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Na usiache kutembea.

Kwa jinsi ulivyoeleza, unachofanya sasa ni mazoezi ya mwili, na mwili utafaidika, ila sala haijapewa nafasi. Hebu hesabu kazi unazoipa akili: kilima kinachomaliza pumzi, njia ngeni inayotaka uangalie unapokanyaga, kwaya inayokuimbia, na simu inayokudai hatua. Zote hizo zinakuja kabla hujamwambia Mungu neno. Anayetembea ili asali hupunguza: umbali, kasi, sauti, hata maneno ya sala yenyewe. Wengi wanaokwama hukwama hapo, wanaongeza bidii mahali pa kupunguza.

Tuanze na njia. Chagua moja tu unayoijua, ya mita 300 hadi 400, uende na kurudi humo humo. Kwa milima ya Lushoto tafuta inayozunguka kiuno cha kilima badala ya ile inayokipanda, kwa sababu mwinuko mkali huchukua pumzi yote, na pumzi ndiyo utakayosalia. Kipimo chake ni chepesi. Ukiwa unatembea, sema mstari mzima wa Zaburi ya 23 kwa sauti. Ukikatika katikati, ama njia ni kali ama umekwenda mbio. Kaa na njia hiyo mwezi mzima kabla ya kufikiria nyingine. Njia mpya huchokoza macho. Kila kona unataka kujua inaelekea wapi, mwisho unakuwa mtalii. Njia iliyozoeleka haina maswali, na ni hiyo tu itakayokuonyesha kwamba tangu Jumanne iliyopita miwati imetoa maua, au uyoga umeota kwenye lile gogo.

Wala si lazima iwe ndani ya msitu mkubwa. Hifadhi ya Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia humo kunataka kibali na malipo. Siku ukitaka kwenda, pita ofisini kwao kwanza. Kwa sala ya kila wiki inatosha njia kati ya mashamba na misindano, au mstari wa miti nyuma ya shule. Ila chini ya mikaratusi mikubwa usisimame siku ya upepo, maana matawi yake hukatika bila kutoa ishara.

Kutoka kabla ya mapambazuko tunakukataza kabisa. Gizani macho yako kazini muda wote, na mtu anayeonekana peke yake ukingoni mwa msitu saa hizo atasemwa, hata kama ni mwalimu wa watoto wao. Tumia saa kumi na moja jioni, au Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi jua likiwa limeshatoka. Huku kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na chini ya miti giza hutangulia kwa nusu saa nzima. Kwa hiyo saa kumi na mbili ikukute umeshatoka penye miti. Jioni si muda wa kubahatisha katika mambo haya: Mwanzo 24:63 inamtaja Isaka akitoka kwenda kondeni kutafakari jua likielekea kuchwa. Mara tatu kwa wiki zinatosha, dakika 40 kila mara, pamoja na kukaa. Ile saa moja na nusu yako iwekee siku nyingine, siku ya mazoezi, na usivichanganye viwili hivyo.

Sasa mwendo wenyewe. Chagua alama ya mwanzo, jiwe au mti fulani, nayo iwe ile ile siku zote. Ukifika hapo, zima ile programu ya kuhesabu hatua, weka simu kimya mfukoni (uwe nayo kwa usalama), hedifoni ziache nyumbani. Kabla hujasimama angalia chini kama hakuna mstari wa siafu; mtu wa sala ya kutembea husimama mara nyingi, na siafu hawajali umesimama kwa nia gani. Kisha simama dakika mbili. Sikia uzito wa mwili ulivyogawanyika kati ya kisigino na vidole. Mwambie Mungu kwa sentensi moja umekuja kufanya nini. Moja tu, usianze maombi marefu hapo.

Mwendo wa kawaida wa mtu mzima ni hatua 100 au zaidi kwa dakika. Wewe shuka mpaka 50 au 60, hatua fupi za kama nusu mita, mwendo wa mtu anayekwenda kupokea Meza ya Bwana. Kwa kasi hiyo mita 350 zinachukua kama dakika 13. Utashangaa kwamba mwendo huo unayumbisha. Sababu ni kwamba kila mguu unabeba mwili peke yake kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Shika mikono pamoja tumboni, au chukua fimbo. Wabudha wa Zen nchini Japani, wanaotembea taratibu kati ya vipindi vya kukaa, huikusanya mikono kifuani. Mikono inayoning'inia huvuta mwili urudie mwendo wa kwenda sokoni.

Maneno yawe machache, ya wiki nzima, na yagawanyike mara mbili kwa pumzi. Ukivuta pumzi: "Bwana ndiye mchungaji wangu." Ukitoa: "Sitapungukiwa na kitu." Likiwa refu kwako chukua fupi zaidi: "Acheni" kwa kuvuta, "mjue ya kuwa mimi ni Mungu" kwa kutoa, kutoka Zaburi 46:10. Kimoyomoyo kunatosha, ingawa siku akili imechafuka sana ni bora ulimi utembee, hata kwa kunong'ona. Usiifuatishe pumzi na hatua kwa nguvu. Acha mapafu yachague yenyewe hatua tatu au nne za kuvuta na nne au tano za kutoa, wewe weka maneno juu yake. Wanaolazimisha pumzi ndefu huishia na kizunguzungu na ganzi kwenye vidole, kwa sababu wanatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ukiona hivyo, simama, pumua kawaida, achana na hesabu ya pumzi siku hiyo.

Njia nyingine ni ya Ignatius wa Loyola, yule padre Mhispania wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti. Kati ya namna za kusali alizofundisha, mojawapo ni kusema Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi: "Baba", pumzi moja, "yetu", pumzi nyingine. Kwa Kiswahili sala hiyo ina maneno hamsini hivi, basi utaimaliza kwa dakika nne au tano. Walutheri wengi hawaijui, na tunakuomba uijaribu, maana sala uliyoisema tangu utotoni mpaka ikawa inajisema yenyewe hurudi kuwa na maana ukisimama kwenye kila neno. Kuna watu huishia kwenye "utusamehe" hawaendi mbele siku hiyo. Hapo sala imefika kwake, usiharakishe kuimaliza.

Akili itatoka. Itakwenda kwenye madaftari ya kusahihisha, ada, maneno ya yule mzee. Usiikemee, na usirudi kuchunguza ilitokaje. Ipe jina kimya kimya, "kupanga", "hofu", "hasira", kisha sikia unyayo unaogusa ardhi wakati huo na uanze aya tangu mwanzo. Fanya hivyo kila mara, hata ikitoka mara thelathini kabla hujafika mwisho wa njia. Likija jambo la lazima kweli, mfano dawa ya mtoto, liahidi nafasi mwishoni utakapokaa na kijitabu. Ukisimama kuliandika katikati, yatakuja na mengine kumi yakidai kuandikwa.

Na salamu? Hili wenye kufundisha sala ya kimya mara nyingi hawaligusi, ilhali kwetu ndilo la kwanza kukutana nalo. Utapishana na akina mama wenye mizigo ya kuni, wazee, wanafunzi wako. Kuwapita kimya ukiangalia chini ni utovu wa adabu, na kijijini ni chanzo cha uvumi. Simama kabisa. Amkia wakubwa shikamoo, pokea marahaba, uliza habari za nyumbani, maliza salamu yote kama inavyopaswa. Wakishapita, vuta pumzi moja uanze aya upya. Mtu uliyekutana naye njiani amekuwa sehemu ya sala hiyo, tena waweza kumwombea kwa hatua kumi zinazofuata.

Mwisho wa njia, kabla ya kugeuka, simama au kaa dakika tano utazame kitu kimoja. Kimoja. Macho wazi, maana unayekwenda kumtafuta Muumba katika kazi yake huna sababu ya kufumba macho, nawe umesema mwenyewe ukifumba unalala. Kabla ya kukaa gonga gogo au jiwe kwa fimbo na uangalie upande wa pili. Kifutu hupenda kulala hapo na hakimbii mtu. Kisha tazama: gamba la mti na kuvu zake, matone kwenye utando wa buibui, kinyonga kama umebahatika. Milima ya Usambara ina vinyonga wenye pembe wasiopatikana kwingineko, na anayetembea hatua hamsini kwa dakika huwaona kuliko anayekimbia. Ina pia ule ua mdogo wa zambarau unaokaa chini kivulini penye mawe yenye unyevu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, aliukuta mwaka 1892 akautuma kwao, na leo uko kwenye madirisha ya nyumba za nchi nyingi za baridi. Hapa kwenu lazima uiname ili uuone.

Tazama kwanza bila kutafuta mafundisho. Angalia rangi, ncha, kinachocheza na kisichocheza, mwanga unatoka wapi, kitu hicho kinapokea nini muda huo: maji, jua, upepo. Walimu na wahubiri wana hatari ya kugeuza kila jani kuwa somo kabla hawajaliona jani lenyewe. Zaburi ya 104 inaonyesha namna nzuri. Inataja chemchemi, ndege kwenye matawi, mbuzi wa mlimani, wibari kwenye majabali (ndio hawa pimbi), simba anayerudi kulala jua likichomoza, kila kimoja kwa jina na mahali pake, na sifa inafuata baada ya kuona. Dakika tano zikiisha sema neno moja la shukrani, geuka.

Wakati wa kurudi acha aya. Tembea kimya tu, haraka kidogo ukitaka, ukisikiliza: mabawa ya hondohondo yanavyovuma akipita juu, maji ya mfereji, sauti za watu bondeni. Ukifika kwenye alama yako kaa dakika saba au nane, uandike mistari mitatu isiyozidi. Ni nini kilishika macho yangu? Ni nini kiliamka moyoni? Ninaomba nini? Mitatu tu, kwa sababu shajara ndefu hugeuka kuwa kazi nyingine ya kusahihisha, na wiki ya pili utaikwepa.

Tukuonye juu ya wiki ya tatu au ya nne. Mara nyingi mwanzoni kuna utamu, kisha unakauka: njia inachosha, aya haina ladha, unaona unapoteza muda. Wengi hapo ndipo hurudisha hedifoni au kutafuta msitu mwingine. Wewe fupisha, usiruke. Dakika kumi zinatosha siku kavu, lakini njia iwe ile ile na aya ile ile. Wala usiipime sala kwa ulivyojisikia jioni hiyo. Angalia baada ya miezi miwili unavyomjibu mwanafunzi aliyekukasirisha, unavyolala, unavyomtaja mama yako.

Kuhusu mama. Ukipunguza kelele, huzuni iliyokuwa imefunikwa na shughuli itapanda, na pengine ndiyo iliyokuwa ikikufukuza chumbani. Ikija, simama, shika fimbo au mti, lia. Mseme mama kwa jina mbele za Mungu, kwa sauti kama hakuna mtu karibu. Aya iache siku hiyo. Usingizi nao usiuhesabu kuwa ni dhambi. Mtu mwenye msiba na watoto watatu na darasa huenda amechoka tu. Katika 1 Wafalme 19 Eliya, aliyekuwa ameomba afe, alilala, akalishwa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo akatembea kwenda Horebu. Kwa hiyo kula kitu kidogo kabla ya kutoka, na siku ambayo hujalala, lala. Lakini ukiona usingizi au hamu ya kula vimepotea kwa zaidi ya wiki mbili, huwezi kufanya kazi, au unatamani kufa, nenda hospitali ukaeleze hivyo hivyo bila kuficha, na umwambie mchungaji wako. Njia ya miti haitibu hilo peke yake.

Sasa yule mzee wa kanisa. Usimdharau, hofu yake ina mizizi. Usambaani kuna misitu midogo iliyohifadhiwa kwa matambiko ya koo, na watu wa umri wake wanajua ni ipi. Pwani ya Kenya, Wamijikenda wana misitu yao ya Kaya, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, nayo imebaki na miti kwa sababu wazee walikataza kukata na kuingia ovyo. Akisikia mtu anakwenda "kusali msituni", anachokiona akilini ni hicho. Mfuate nyumbani, usimjibu hadharani. Mweleze unapita njia gani, saa ngapi, unasoma aya gani. Mkumbushe Marko 1:35, Yesu akitoka alfajiri kwenda mahali pasipo watu, na Luka 6:12, akikesha mlimani katika sala. Halafu muulize kama njia yako inapita karibu na mahali pa tambiko la ukoo wowote. Ikiwa inapita, badilisha, kwa heshima ya wenyewe na kwa utulivu wako.

Kuna kanuni moja ya vitendo ambayo itakulinda kuliko hoja yoyote: nenda mikono mitupu, rudi mikono mitupu. Usibebe kibuyu, yai, kitambaa wala mshumaa. Usirudi na majani, mizizi au magamba, hata kama ni ya chai au ya kikohozi. Hayo yachume siku nyingine. Anayetoka porini na majani mkononi jioni ataitwa mganga kabla hajafika kwake. Biblia ndogo na kijitabu hazimtishi mtu. Mjulishe pia mwenyekiti wa kitongoji, kwa sentensi mbili tu, kwamba jioni fulani na fulani unatembea njia ile.

Baba watoto naye anahitaji habari zaidi kuliko ruhusa. Mke anatoka gizani peke yake, anarudi baada ya saa moja na nusu, hasemi alikuwa wapi kwa sababu hata yeye hajui alifanya nini. Mume yeyote angenyamaza hivyo. Mwonyeshe njia yenyewe, mtembee pamoja siku moja kwa mwendo wa kawaida. Mwambie saa ya kutoka na saa ya kurudi, na uzitunze. Dakika 40 mchana kweupe zitamtuliza kuliko maelezo marefu.

Jirani yako njoo naye. Inafaa, na inakuondolea upweke wa njia pia. Kwake si jambo geni: Sura ya Al Imran, aya ya 191, inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala, wakitafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Sura ya Al-Ghashiya, aya ya 17 hadi 20, inauliza kwa nini watu hawatazami ngamia, mbingu, milima na ardhi. Saa kumi na moja inamfaa kwa kuwa atakuwa ameshaswali Alasiri, na mtarudi kabla ya Magharibi. Yeye atakuwa na dhikri yake, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33 au 34, akihesabu kwa pingili za vidole. Wewe na zaburi yako. Msizichanganye, na asiwepo wa kumpima mwenzake. Acheni nafasi ya hatua ishirini kati yenu, asiwe mmoja kiongozi daima, leo atangulie huyu, kesho yule. Kimya kianze kwenye alama na kiishie kwenye alama. Habari za watoto na bei ya viazi zina nafasi yake mkishamaliza, njiani kwenda nyumbani. Kosa la wanaotembea wawili ni hilo hasa, mazungumzo huingia kwa neno dogo, "umemwona yule mbega?", na sala imeisha. Kubalianeni mapema kwamba kitu kikionekana mtaonyeshana kwa kidole tu.

Mengine ni ya usalama. Ukungu ukianza kushuka, geuka pale pale ulipo, usingoje uone kama utaondoka. Kwenye njia yako fupi utakuwa nyumbani kabla haujafunga. Hii ni faida nyingine ya mita 350 unazozijua kila jiwe. Vaa raba zenye meno au viatu vya kufunga, maana udongo mwekundu wa huko ukilowa huteleza hata penye mteremko mdogo. Mikono mirefu inakinga upupu, na ukikugusa usijikune. Bandua vinyweleo kwa utepe wa gundi (selotepu) kama unao, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Juni hadi Agosti beba sweta kiunoni. Mwendo huu hautoi jasho, hivyo baridi itakuingia ukiwa umekaa mwishoni, na utasingizia sala kuwa fupi kumbe ni baridi.

Masika yakianza Machi kutakuwa na siku nyingi zisizotembeka. Siku hizo tumia baraza ya shule wanafunzi wakishaondoka, au ya nyumbani. Hatua ishirini kwenda, simama, geuka polepole kwa hatua tatu, hatua ishirini kurudi, kwa dakika 15. Uso uelekee mvua na miti, si ukuta. Zile dakika tano za kutazama kitu kimoja usiziache: maji yanayotiririka kwenye jani la mgomba yana mengi ya kuangaliwa. Wiki ya kwanza, Mwalimu, anza na Zaburi 23:1 hata kama unaijua kwa moyo, na usiibadilishe mpaka Jumapili ya pili.

Washauri